Maji ya Rejeta ya Feisal

Mtu akikwambia gari lake linachemsha, kitu cha kwanza unafungua mfuniko wa rejeta unatazama maji. Yakiwa pungufu, unatafuta yanakotokea. Yakiwa yamejaa, unatafuta ugonjwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofanya kazi hapa Bagamoyo miaka thelathini na moja, na ndivyo nilivyomponza mwanangu.

Mwanangu ni Habiba, sina mwingine. Mamake alifariki yeye ana miaka tisa, nikamsuka nywele mwenyewe mikono imejaa grisi, watu wakinicheka nikawatukana. Ameolewa Mlingotini na kijana anaitwa Feisal, wanakaa na mama wa Feisal, Bi Ashatu. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ikashika vizuri, tukaanza kupumua, halafu mwezi wa saba akatokwa na damu. Tukampeleka Dar. Daktari akampima, akatuita sote, akasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango, huyu hawezi kuzaa njia ya kawaida, atapasuliwa. Akampa tarehe ya kuja kulazwa. Kisha akaniangalia mimi kama mtu aliyejua nina kichwa kigumu, akasema: "Kabla ya hiyo tarehe, akitoka damu tena msimpeleke popote, msisubiri, mleteni hapa moja kwa moja. Damu ya kundi lake ipo hapa. Kwake yeye saa moja ni nyingi."

Tungemwacha Dar, lakini kwa nani? Hatuna ndugu kule, na wodini hawampokei mtu kabla ya siku yake. Akarudi Mlingotini kulala chali. Basi uhai wake na wa mtoto ukabaki kwenye gari la Feisal, kigari cha watu saba anachobebea abiria na matenga ya samaki. Nikamwambia Feisal, matenga basi, abiria wa mbali basi, hili gari lilale mlangoni na mafuta yake. Na mimi nitahakikisha ni zima.

Haikupita wiki Feisal akaja gereji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una nini?"

"Geji ya joto inapanda, baba. Nikitoka Kiromo kuja huku inapanda, halafu inashuka yenyewe."

Nikafungua rejeta. Imejaa pomoni. Nikalala chini ya gari na tochi, nikapapasa mipira yote, pampu ya maji, chini ya rejeta. Pakavu. Nikamwambia gari zima, punguza kukanyaga. Akashukuru akaondoka.

Baada ya siku nne amerudi. Safari hii anasema asubuhi akiliwasha linatoa moshi mweupe. Nikamwambia gari gani la pwani halitoi moshi asubuhi, na umande wote huu? Nikafungua rejeta, imejaa. Nikambadilishia mfuniko, labda haushiki presha. Mara ya tatu alikuja wakati gereji ina watu, wamekaa kwenye matairi wanapiga soga. "Baba, bado linapanda," anasema kwa sauti ya chini, ana adabu sana yule kijana. Nikafungua rejeta mbele yao wote, nikamshika shingo nikamwinamisha atazame. "Unaona nini humo?" Akasema anaona maji. "Basi anayechemsha ni wewe, si gari! Mke wako ana mimba, unaweweseka, unaniletea mimi!" Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka na tairi lake. Feisal naye akacheka kidogo, kwa heshima.

Lakini aliendelea kusimama pale, haondoki. Mwisho akasema, "Baba, baki nalo usiku mmoja tu. Mimi nitakaa na simu, likitokea jambo utakuja nalo wewe." Nikakubali ili nimnyamazishe. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi, injini imepoa, nikafungua mfuniko. Nikaingiza kidole. Nikaingiza chote mpaka kwenye fundo, sikugusa maji. Lo! Gari lilikwenda mwendo mdogo sana jana yake, maji niliyaona mwenyewe yamejaa, na chini pakavu kabisa. Maji hayadondoki, hayaonekani, na hayapo. Hapo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua. Maji yanaingia ndani ya injini yenyewe na kuungua humo.

Nikajaza maji, nikaliwasha mfuniko ukiwa wazi. Viputo vikaanza kupanda, vidogo vidogo, havikati. Hewa ya moto ya silinda inapenya kwenye njia ya maji. Nikachomoa plagi zote nne nikazipanga kwenye gazeti. Tatu zina rangi ya kahawia kama kawaida. Ya tatu kwa mpangilio nyeupe, safi, imeoshwa. Maji yalikuwa yanaiosha kila siku. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa kwenye silinda ya tatu.

Nikaenda nyuma kuunusa moshi wa ekzosi, maana kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ikiungua ina utamu fulani puani. Nikanusa. Nikanusa tena. Wallahi, ekzosi ilikuwa inanukia marashi, kama chumba cha biharusi.

Nikalipanda hilo gari nikaenda nalo Mlingotini nikilisimamisha njiani kuliongeza maji. Nikaingia uani bila hata kubisha hodi sawasawa. "Nani anatia maji kwenye gari hili?" Feisal akaapa si yeye, yeye kila akifungua anakuta limejaa. Bi Ashatu akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi, Baba Habiba. Kwani kuna ubaya?"

"Unatia nini?"

"Kombe," akasema.

Bi Ashatu ni mtu wa chuo, babake alikuwa mwalimu, anaandika hati nzuri kuliko mashehe wengi wa hapa. Akanieleza taratibu, hana wasiwasi. Tangu Habiba atokwe na damu, kila alfajiri baada ya kusali anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani na marashi, anaziosha kwa maji. Nusu anamnywesha Habiba. Nusu anaichanganya kwenye jagi la maji ya kisima, anakwenda kulitia gari, kwa sababu gari ndilo litakalombeba. Viumbe wawili wa Mungu hao, akasema, mgonjwa na chombo chake.

"Na kila siku jagi zima linaingia?"

"Zima. Siku nyingine na nusu. Linakunywa vizuri."

"Hukuona ajabu?"

"Nione ajabu ya nini? Mimi najua magari? Nilidhani ndivyo yanavyokunywa."

Hapo ndipo ningekaa chini. Hapo ndipo mtu mwenye akili angecheka kidogo, akamshukuru mama wa watu, akafikiri. Kwa sababu yule mama bila kujua alikuwa ameliweka gari hai. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwona Feisal amesimama pembeni, kijana aliyenililia mara tatu nikamdhihaki mbele za watu, na alikuwa na haki mara zote tatu. Aibu ilinivaa mpaka masikio. Na aibu yangu mimi haikai ndani, inatokea mdomoni. Nikamwambia Bi Ashatu amekuwa akinifichia ugonjwa, amenifanya nionekane mjinga, kombe ni la binadamu, injini haina roho ya kuombewa.

Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi tuseme nimekosa," akasema. "Lakini Baba Habiba, zimebaki siku kumi na sita akalazwe. Niache niendelee. Nitatia asubuhi na jioni, na madumu mawili ya maji nitayaweka humo ndani ya gari. Akishajifungua salama, lifungue hata ulitupe."

"Haiwezekani."

"Likitiwa maji hivyo halifiki Dar?"

"Injini inayokunywa maji haina dhamana!" nikapaza sauti. "Inaweza kuzimika popote! Mnataka mwanangu afie porini? Nalifungua Jumatatu, siku mbili, Jumanne jioni liko mlangoni kama jipya."

Feisal akathubutu: "Baba, hata mimi naona kama mama anavyosema..."

"Fundi nani hapa?" nikamkatiza. "Nani fundi?"

Akarudi kusimama pembeni. Habiba alikuwa ametambaa mpaka mlangoni kutusikiliza, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye fremu. Nikamfokea arudi kitandani. Akaniuliza tu, "Baba, kweli siku mbili?" Nikamwambia mbili. Akawageukia wenzake akasema, "Baba akisema mbili ni mbili," akarudi kulala.

Niliyowaambia kuhusu kuzimika popote ni kweli, vitabuni. Lakini mimi sikuwa nasoma kitabu. Nilikuwa nimeiona ile nafasi ya kuvuja kwa akili yangu, ndogo, changa, inapoteza jagi kwa siku. Magari ya namna hiyo nimeyaona yakienda Morogoro na kurudi, dereva akiongeza maji Vigwaza. Nilitaka kulifungua kwa sababu lilinidhalilisha. Basi. Sitafuti neno jingine.

Hata hivyo sikuwaacha mikono mitupu. Rafiki yangu Abdulrazak wa Mbegani alikubali kuliacha gari lake Mlingotini Jumatatu na Jumanne. Nikatulia. Jumatatu nikafungua injini. Gasketi ilikuwa imeliwa pale pale nilipotaja, kati ya silinda ya tatu na tundu la maji, upana wa njiti ya kiberiti. Nilifurahi, nakwambia kweli. Nilimpigia Feisal simu kumwambia imeonekana, niliisema kama mtu aliyeokota lulu. Lakini nilipoweka rula juu ya silinda hedi nikaona mwanga unapita chini yake. Imepinda kwa joto. Hiyo hufungi hivyo hivyo na gasketi mpya, itavuja tena ndani ya wiki. Lazima ikasawazishwe kwenye mashine, na mashine iko Dar.

Jumanne alfajiri niko Dar na hedi kwenye kiroba. Wakasema ni kazi ya saa mbili tu. Umeme ukakatika saa nne, haukurudi mpaka wamefunga. Wakasema iache, kesho. Nikiwa njiani kurudi Abdulrazak akapiga simu. Kesho anakwenda Vigwaza, kakake anaoza binti, hana namna, gari lake analichukua usiku huo. "Gari la mkweo tayari?" akauliza.

"Kesho adhuhuri linanguruma," nikamwambia.

"Nimwambie Feisal atafute jingine la asubuhi?"

Nasema yote, na hili nalisema. Nilifikiri. Nikamwona Bi Ashatu akiambiwa kwamba siku mbili zimekuwa tatu. Nikaona atakavyonyamaza, maana yeye hajibu, ananyamaza tu, na kule kunyamaza kwake ndiko nilikokuogopa. "Achana naye," nikamwambia Abdulrazak. "Asubuhi moja tu. Nitampigia mwenyewe." Sikumpigia.

Jumatano saa nne kasorobo asubuhi nilikuwa Dar, nimesimama mbele ya mashine, hedi yangu imefungwa juu yake, jiwe linapita linakwangua. Umeme umerudi. Nilikuwa hata napiga mluzi. Simu ikaita, Feisal.

"Baba, damu," akasema. "Nyingi. Godoro lote. Abdulrazak simwoni na gari, uko wapi, liko wapi gari?"

Gari liko Bagamoyo limefunguliwa kifua, na moyo wake uko hapa Dar kwenye mashine, mbele ya macho yangu. Nilimjibu nini sikumbuki. Nilipiga simu kwa kila dereva ninayemjua, na mimi nawajua wote. Mmoja yuko Msata, mwingine Dar, mwingine hapokei, mwingine anasema naja na yuko mbali. Feisal hakusubiri. Alimfunga Habiba kwa kanga na mashuka, wakampakia kwenye bajaji na Bi Ashatu, wakatoka nayo mpaka barabara kuu ya lami pale Kiromo. Bajaji yenyewe ikagoma kwenda zaidi. Wakasimama juani. Magari yaliyojaa yakapita. Yaliyokuwa na nafasi yakapunguza mwendo, yakaona damu, yakaongeza. Nusu saa nzima mama mtu mzima yule anasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono. Mwisho lori la mchanga likasimama, likawafikisha Bunju, na pale wakapata teksi.

Mimi nilikuwa langoni mwa hospitali na kiroba changu. Waliniambia nikae nikakataa kukaa. Walifika saa nane kasoro dakika kumi. Kutoka Mlingotini, gari likiwa mlangoni, ni saa moja na nusu ukiendesha kwa adabu. Wao walitumia saa nne. Habiba alikuwa na rangi ya majivu na hakunitambua.

Walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa wa kiume, alikuwa ameshafariki tumboni. Damu ilikataa kukatika, wakatoa na kizazi. Daktari alinieleza kwa lugha nzuri sana. Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasema tu, "Mngemleta mapema." Hakuwa na ubaya. Alisema kama anavyowaambia wote.

Tulimzika mtoto Mlingotini Alhamisi asubuhi, Feisal alimbeba mwenyewe. Bi Ashatu alikuwa amebaki Dar na mgonjwa. Watu wakanipa mkono, wakisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi naitikia. Hakuna aliyejua. Feisal alijua, lakini alisimama kando yangu mpaka wageni wakaisha. Heri angenipiga.

Nikaenda gereji nikafunga injini. Nilifanya nini kingine? Nilisafisha kila tundu la bolti kwa sindano na kitambaa. Niliosha njia za maji mpaka yakatoka meupe. Nikaweka gasketi mpya, nikakaza bolti kwa mpangilio wake, kutoka katikati kwenda nje, mara tatu, kwa spana ya kipimo. Nikatia kulanti yenyewe. Nikaliwasha likanguruma saa mbili mfululizo, nikalipumzisha, nikaliendesha mpaka Makurunge na kurudi. Asubuhi yake nikafungua mfuniko, maji pale pale. Sijawahi kufunga injini vizuri kama ile maishani mwangu, na nilikuwa nalia muda wote naifunga.

Siku ya tisa wakamruhusu. Nikaenda na Feisal kumchukua, nikashika usukani mimi. Feisal akakaa mbele kando yangu, Habiba nyuma na Bi Ashatu, kichwa chake kwenye paja la mkwewe. Amekonda, mikono imebaki mifupa. Nilimwambia pole, mwanangu, akasema asante, baba. Tukatoka Dar, foleni ya Tegeta, jua kali, gari limebeba watu wanne na kiyoyozi nimewasha. Geji ya joto iko katikati haitingishiki. Niliitazama geji kuliko barabara.

Tulipopita Mapinga Habiba akakaa vizuri.

"Baba."

"Naam, mama."

"Lile gari kama usingelifungua. Mama angeendelea kulitia maji." Alisema pole pole, alikuwa anachoka kusema. "Siku ile lingefika?"

Feisal akageukia dirishani. Bi Ashatu ndiye aliyejibu, tena haraka: "Mwanangu, hayo ya Mungu. Gari bovu ni gari bovu, lingeweza kutuzimikia porini sote. Babako alisema mwenyewe."

Alikuwa ananiokoa. Mwanamke niliyemtukana uani kwake, aliyesimama barabarani damu imemjaa kanga, alikuwa ananipa mlango nitoke. Nilikuwa na maneno yote tayari. Injini haina dhamana. Ingeweza. Huwezi kujua. Hakuna fundi duniani ambaye angenikosoa.

"Namwuliza baba," Habiba akasema. "Lingefika?"

"Lingefika," nikasema.

Nilisikia matairi tu. Halafu Habiba akasema nisimamishe gari. Nikadhani anataka kutapika, nikalitoa pembeni, hapo Kerege, nikashuka kumfungulia mlango. Akautia komeo kwa ndani. Akateremsha kioo kidogo akaninong'oneza, hana hasira, ana uchovu tu: "Baba, tutakwenda na Feisal. Wewe panda gari jingine."

Feisal aliniangalia, mimi nikamwitikia kwa kichwa. Akahamia kwenye usukani. Bi Ashatu alikuwa anamwambia Habiba kitu, anamsihi, Habiba amefumba macho. Wakaondoka.

Hiyo ilikuwa kabla ya mfungo, na sasa Idi zote mbili zimepita, Habiba hajaja kwangu. Feisal huja kila mwezi kubadilisha oili. Hunipa shikamoo, nami humwuliza Habiba hajambo, naye hunijibu hajambo, baba, halafu nafungua boneti.